Jinsi ya kumjibu mtu anayesema "kabila lile ndo wahalifu"

Hii naandikia watu wa Kampala, Busia, Bombo, Arua na kokote kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, pale ambapo boda ikiibiwa usiku, asubuhi kabla hata afande hajafika mtu ashaandika "hao ni Wakaramojong tu" au "tangu hawa wa Sudan Kusini waje hatulali". Afu mwingine anatuma video ya Marekani, vijana weusi wanarushiana risasi, na chini yake ameandika "sisi weusi ndo tulivyo". Matusi yanaanza, admini anafunga grupu siku mbili, na boda bado haijapatikana. Kuna namna ya kujibu ambayo inasaidia kidogo na haihitaji digrii, inahitaji kalkuleta ya simu na uvumilivu.

Kwanza kabisa usikatae kwamba uhalifu upo. Wengi wetu tunaojiona wastaarabu tunakosea hapa hapa, mtu kaibiwa, kapigwa, halafu sisi tunamrukia na "acha ukabila", yeye anasikia tunamwambia hakuibiwa. Mpe pole. Ukishampa pole ndo unamuuliza ilikuwa wapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, nani alimuona nani sura. Mara nyingi jibu litakuwa "ilikuwa giza", na hapo unaweza kujiuliza kabila lilisomwa wapi gizani, lakini usimuulize hivyo kwa dharau, hasa akiwa mtu mzima. Mwandikie kitu kama hiki: "Mzee wangu pole sana, tunamshukuru Mungu hawakukuumiza. Ulibahatika kuwaona mwenyewe ama ndo hivyo watu wanavyosema?" Akisema ndo wanavyosema watu, ashajijibu, usimkandamize, endelea na mambo ya boda.

Hatua inayofuata ni hesabu, na usiogope, ni kugawanya tu. Idadi ya kesi peke yake haina maana mpaka uigawe kwa watu waliopo. Chukua ya kwetu: ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu mauaji 4,248 nchi nzima, na sensa ya 2024 ilikuta tuko karibu milioni 45.9. Gawanya, zidisha mara 100,000, unapata 9 na ushei kwa kila watu laki moja. Hiyo ndo namba ya kulinganishia. Ukiambiwa "wilaya fulani ina kesi nyingi kuliko zote" uliza ina watu wangapi, manake Kampala na Wakiso lazima ziwe na kesi nyingi, watu wamejazana huko, hiyo sio habari.

Sasa na namba hiyo mkononi, mjibu yule wa video. Wamarekani weusi wanauawa kwa kiwango cha zaidi ya 20 kwa kila laki moja kwa mwaka miaka hii ya karibuni, na mwaka 2019 zaidi ya nusu ya waliouawa Marekani ambao FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu yao, iliwaandika walikuwa weusi, wakati weusi ni kama asilimia 13 tu ya nchi. Hiyo ni kweli, usiifiche, ukiificha mwenzako ataitoa mwenyewe na utaonekana muongo. Lakini hebu tazama: Uganda karibu sote ni weusi, na hela yetu ni kidogo mno ukilinganisha na ya Mmarekani mweusi wa kawaida, na bado sisi tuko kwenye 9. Kama ni rangi inayoua, sisi tungekuwa wapi? Na kama ni umaskini peke yake unaoua, sisi tungekuwa wapi? Kweli kuna maiti huku kwetu zinazozikwa bila polisi kujua, kwa hiyo namba yetu halisi huenda iko juu kidogo, lakini pengo hilo halizibwi na hizo.

Chukua na Afrika Kusini. Polisi wa huko walihesabu mauaji 27,494 mwaka wa fedha 2022/23, watu wako kama milioni 62, inatoka 44 hivi kwa laki moja. Kipato cha mtu wa kule ni mara kadhaa ya cha huku. Wana barabara, wana umeme (ukikatika wanalalamika, sisi wengine hatuna wa kukatika), lakini wanauana karibu mara tano yetu. Kwa hiyo yule msomi wa grupu anayesema "umaskini ndo mama wa uhalifu" naye mrudishe darasani taratibu. Bibi zetu huko vijijini ni maskini miaka yote na hawajawahi kumkata mtu panga.

Umaskini wa aina gani basi? Hapa ndo penyewe.

Fanya hivi: shikilia mahali pasibadilike, afu badilisha watu. Yaani usilinganishe kabila na kabila, linganisha watu wa makabila tofauti wanaoishi kwenye hali ile ile. Watafiti wawili wa Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay, walifuatilia kesi za vijana mtaa kwa mtaa kwa miaka mingi mwanzoni mwa karne iliyopita, na walichokuta ni kwamba mitaa ile ile ya karibu na viwanda, yenye vyumba vya bei rahisi, ilikuwa na kesi nyingi miaka nenda rudi wakati waliokaa mle walikuwa wanabadilika kabisa. Walianza Wajerumani na Waairishi, wakaja Wapolandi na Waitaliano, wakaja weusi kutoka kusini. Kila kundi lilipokuwa mle ndani liliitwa kundi la wahuni, likipata hela likahamia mtaa mzuri watoto wake wanatulia, na wanaoingia nyuma yao wanarithi jina pamoja na nyumba mbovu.

Ya pili ni ya juzi juzi. Idara ya takwimu ya wizara ya sheria ya Marekani iliangalia miaka 2008 mpaka 2012, ni watu gani wanafanyiwa ukatili, kupigwa, kuporwa na mengine yasiyo mauaji. Kwenye nyumba maskini ilikuwa karibu 40 kwa kila watu 1,000, kwenye nyumba zenye hela karibu 17. Afu wakawatenga maskini wa mjini peke yao: weupe maskini wa mjini 56.4, weusi maskini wa mjini 51.3. Soma tena hizo namba mbili. Ukiwaweka kwenye hali moja tofauti ya rangi karibu inapotea, tena imegeuka kidogo upande mwingine.

Na kama bado anabisha mpeleke Glasgow, Scotland, ambako wakati ule visu vilikuwa mikononi mwa vijana weupe tupu, mitaa ya kazi za viwanda vilivyokufa, ulevi, magenge ya vizazi na vizazi. Mwaka 2005 polisi wa huko wakaanzisha kitengo maalum cha kupunguza ukatili, wakaanza kuuchukulia kama ugonjwa unaoambukizana, unatafuta unaanzia wapi na nani anafuata. Scotland nzima mauaji yalikuwa zaidi ya 130 kwa mwaka, baada ya miaka kumi na kitu yakashuka mpaka karibu 60. Hakuna aliyesema ni kabila la Waskoti. Ama walisema, sijui Waingereza huwaita nini wakiwa peke yao.

Mtu mwerevu atakuuliza, sasa mbona Marekani kwa mauaji pengo la weusi na weupe linabaki kubwa? Swali zuri na ujibu vizuri. Robert Sampson na William Julius Wilson waliliandika mwaka 1995: huwezi kirahisi kulinganisha, manake mtaa mbaya kabisa wanaoishi weupe mijini ulikuwa afadhali kuliko mtaa wa kawaida wa weusi. Na haikutokea kwa bahati. Miaka ya 1930 serikali yao ilichora ramani za miji, mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake mkopo wa nyumba hapo hatari, na vyombo vya serikali vikakataa kudhamini mikopo hiyo kwa miongo. Kwa hiyo mzungu maskini anaishi amechanganyika na wasio maskini, mweusi maskini amezungukwa na maskini wenzake pande zote nne, shule mbovu, kazi hakuna, bunduki ziko kila mahali. Rangi inaingia kwenye habari hii kwa mlango huo, ndo iliyoamua nani awekwe wapi. Ah, na hiyo "weusi wanauana wenyewe": kwenye hesabu za FBI za 2019, mweupe aliyeuawa karibu mara 8 kati ya 10 aliuawa na mweupe, mweusi karibu mara 9 kati ya 10 na mweusi. Watu huuawa na jirani zao, mume wao, rafiki waliyekuwa wanakunywa naye. Huku kwetu vile vile, soma ripoti ya polisi uone vifo vya ugomvi wa nyumbani, ni mamia kila mwaka, na hao hakuna anayeuliza kabila.

Sasa hamishia Kampala. Ukitaka kueleza kwa nini bonde la Katanga, pale kati ya Makerere na Mulago, au Kisenyi, au sehemu za Katwe zina sifa mbaya, usianze na watu wametoka wapi, anza na pakoje. Nyumba za muzigo (chumba kimoja kimoja cha kupanga), mtu anahama kila baada ya miezi michache kwa sababu ya kodi, hakuna anayejua mtoto huyu ni wa nani kwa hiyo hakuna wa kumkemea. Vijana wamekaa mchana kutwa hawana kibarua. Pombe iko mlangoni kuanzia asubuhi. Mtu akidhulumiwa elfu kumi hana pa kuidai, polisi anaona watamtaka hela ya mafuta, basi anaidai kwa ngumi, na jina la ukali linakuwa ndo ulinzi wake. Na juu ya kilima pale anaona ukuta na waya wa umeme. Mtu yeyote ukimtupa hapo akiwa na miaka 17, Muganda, Mgisu, Mkongo, Mnubi, uwezekano unapanda. Haina maana wote wanakuwa wezi, wengi kabisa mle ni watu wa chapati na kufua na kubeba mizigo sokoni, na ndio wanaoibiwa zaidi kuliko nyinyi wa kwenye geti.

Mfano wa upande wa pili pia utoe, unasaidia. Masaka na Lwengo mwaka 2021, kati ya Julai na Septemba, wazee zaidi ya ishirini waliuawa kwa mapanga usiku majumbani kwao. Ile sio sehemu maskini ya Uganda, kuna kahawa, barabara kuu inapita, na wenyeji wa pale hakuna aliyewahi kuwaita kabila la wakali. Ukali mwingine unapangwa, una watu wake na sababu zake, na ukiwa umeshikilia "ni maskini wa kabila fulani" utapita mbele ya mlango wake bila kuuona.

Kitu kingine cha kuuliza: nani amehesabu? Kesi iliyoandikwa ni kesi iliyofika kituoni. Kukamatwa sio kukutwa na hatia. Karamoja tangu Julai 2021 jeshi na polisi wameendesha operesheni ya kukusanya bunduki, wakaiita Usalama kwa Wote, maelfu ya wanaume walikamatwa kwenye misako na wengi wakaachiliwa baada ya kuchujwa. Ukichukua idadi ya waliokamatwa ukasema "ona walivyo wahalifu" unahesabu askari walivyofanya kazi, hujahesabu wizi. Peleka kikosi hicho hicho kwenye mtaa wa matajiri, wapekue kila boneti na kila droo, uone namba zitakavyopanda huko pia.

Na uliza kipi kilianza. Hili watu hulisahau kabisa. Kwa Karamoja: wizi wa ng'ombe ulikuwepo zamani kwa mikuki na kulikuwa na wazee wa kuamua, afu 1979 Amin anaanguka, wanajeshi wanakimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha linabaki wazi na watu wakabeba. Hapo mkuki ukawa AK. Ongeza ukame, ongeza ardhi ya malisho iliyowekwa hifadhi, ongeza serikali ya mkoloni iliyoifungia Karamoja kama eneo la kuingia kwa kibali. Mwaka 2001 serikali ikaanza kunyang'anya silaha, ikarudia kwa nguvu 2006, na waliozitoa mapema wakawa wazi kwa waliobaki nazo, kama ulisalimisha yako Jumatatu na jirani bado anayo, wewe na ng'ombe wako mna usiku mrefu. Utafiti wa UBOS, ofisi ya takwimu ya serikali yetu, wa 2019/20 ulikuta asilimia 65.7 ya watu wa Karamoja walikuwa chini ya mstari wa umaskini wakati nchi nzima ilikuwa 20.3. Sasa niambie, umaskini ndo umeleta bunduki, ama bunduki ndo zimemaliza ng'ombe zikaleta umaskini? Vyote viwili, vinazunguka. Wale watoto wa kutoka Napak, wilaya ya huko Karamoja, unaowaona wanaomba kwenye mataa ya Kampala wametoka kwenye mzunguko huo, wameukimbia, hawakuja kuueneza.

Acholi ndo usiseme. Zaidi ya miaka ishirini ya vita ya LRA, waasi wa Kony, watu zaidi ya milioni moja wa kaskazini wamejazwa kambini, ng'ombe waliisha, shamba halilimwi. Halafu mtu wa kusini anasema "watu wa kaskazini ni wakali ndo maana maskini". Hiyo hadithi ya makabila ya kivita tena ni ya Mwingereza, alipokuwa anaandika askari wa KAR, jeshi lake la kikoloni Afrika Mashariki, alipendelea vijana wa kaskazini, kaskazini akaifanya mahali pa kuchota nguvu kazi na kusini pa kulima pamba na kahawa. Sisi tumeirithi tukaiona kama damu.

Rangi nayo Uganda tunayo, tusijifanye ni shida ya Marekani. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, sababu eti wanakamua uchumi, makumi ya maelfu wakaondoka na sanduku, na maduka hayakutajirisha maskini wa mtaani, yaligawiwa wenye vyeo yakafa. Aprili 2007, maandamano ya Kampala kupinga msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari yenye wenyewe Waasia, raia mmoja wa India aliyekuwa anapita njia aliuawa na watu. Hakuwa na hisa kwenye msitu. Nalitaja kwa sababu mtu anayechukia Wakaramojong kwa umaskini wao na anayechukia Wahindi kwa utajiri wao mara nyingi ni yule yule mmoja kwenye grupu, na ukimuonyesha hilo kwa upole saa ingine ananyamaza.

Haya, kazi ya kijiji sasa, manake kubishana hakuzuii mtu kuvunjiwa. Mwombeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, daftari moja, kila tukio liandikwe mahali, saa, kilichochukuliwa, silaha kama ilikuwepo. Safu ya kabila isiwepo kabisa kwenye daftari. Mkifika matukio kumi na kitu chukueni karatasi mchore njia zenu na mtie alama, na mtaona wenyewe yamerundikana: kichochoro kimoja kisicho na taa, baa moja ikifunga, njia ya kutoka steji baada ya saa nne usiku. Hapo mna kitu cha kumpelekea afande wa mahusiano ya jamii kituoni, mnamwambia doria iwe hapa, saa hizi, siku hizi. Mwenye baa mkamuone kwa heshima, mwende na mama mmoja mtu mzima, akienda kijana peke yake itageuka ugomvi. Taa moja ya sola pale kichochoroni mtachanga. Aliyepigwa apelekwe kituoni apate fomu ya PF3 kwa ajili ya daktari, bila hiyo kesi hulegea, na mkumbusheni fomu yenyewe haiuzwi.

Vijana wanaoshukiwa mara nyingi mnawajua kwa majina, na ni wachache sana, hata kwenye mtaa mbaya kabisa ni wachache. Kuongea na hao wachache na mama zao kunazaa kuliko kufukuza watu wa kabila zima kwenye muzigo.

Kwenye grupu lenyewe admini aweke sheria moja tu: tukio linaelezwa kwa mahali, saa na kilichotokea, kabila likitajwa meseji inafutwa bila mjadala, hata iwe ya mwenyekiti. Kuchochea chuki ya kikabila ni kosa kwenye sheria za jinai za Uganda, kwa hiyo mkumbusheni kwamba skrinishoti hazizeeki. Picha ya mshukiwa msiiache hata dakika moja, hapa kwetu mamia ya watu huuawa kila mwaka na umati, na baadhi yao kosa lao lilikuwa kufanana na maelezo yaliyotumwa. Video ya zamani au ya nchi nyingine, aliyeituma aambiwe aseme ni ya wapi na lini, akishindwa ifutwe. Na namba ya kituo chenu, ya mwenyekiti na 999 ziwekwe pale juu kwenye maelezo ya grupu, sio kwenye meseji ambayo kesho itafunikwa na salamu za asubuhi.